Tovuti ya nyumba ya wageni (vyumba 6, Lushoto): mwaka mzima haijaleta mgeni hata mmoja. Niiache au niijenge upya?

Mama Milimani (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu ndani. Kwa kawaida huwa nasoma tu na kupita, ila leo nahitaji watu wanaoyaelewa haya mambo kuliko mimi.

Nina nyumba ndogo ya wageni hapa Lushoto, vyumba sita, nje kidogo ya mji. Tunaiendesha mimi, mwanangu wa mwisho na dada mmoja wa jikoni. Wageni wetu ni wa aina mbili. Kuna familia za Dar na Tanga zinazopanda huku kukimbia joto, hasa Desemba na Pasaka, na watu wa semina. Hao hupiga simu, wameelekezwa na mtu. Halafu kuna Wazungu wanaokuja kutembea milimani, Irente na msitu wa Magamba, kuangalia ndege na vinyonga. Hao karibu wote huletwa na waongoza watalii wa hapa mjini, kwa hiyo mwongozaji akinisahau, nami vyumba vinalala vitupu.

Mwaka jana nikaamua nisimame mwenyewe. Nikampata kijana wa Dar anayetengeneza tovuti, tukakubaliana laki sita na nusu, nikatanguliza laki nne. Baada ya wiki tatu akanitumia kiungo. Nilifurahi kweli, nikakituma kwa ndugu wote. Sasa mwaka umeisha na hakuna mgeni hata mmoja aliyeniambia "nimewaona kwenye tovuti". Fomu ya kuweka nafasi ipo, haijawahi kuniletea ujumbe. Wiki iliyopita kijana amenitumia bili ya mwaka wa pili. Nikimwomba nywila ananijibu "mama usijali, hiyo kazi niachie mimi".

Instagram ninayo, mwanangu ndiye anaishughulikia, ina wafuasi mia tisa na kitu, na huko angalau watu wanauliza bei. Je, niachane na tovuti nibaki na Instagram na WhatsApp? Au niijenge upya? Na kama ni kujenga upya, nianzie wapi? Pesa niliyonayo haifiki laki tano, na paa la chumba namba tano linavuja, kwa hiyo naomba ushauri wa mtu wa kipato changu.

Mpanda Mlima

Pole mama. Mimi nakushauri uachane nayo. Watu wako Instagram na WhatsApp, huko ndiko kwenye maongezi. Laki tano tengeneza paa, mgeni akilowa usiku atakusema vibaya kuliko kukosa tovuti. Nimeona biashara nyingi zina tovuti nzuri na hazina wateja.

Mwani wa Jambiani

Shikamoo mama. Kuhusu paa nakubaliana na aliyetangulia, paa kwanza. Kuhusu Instagram peke yake sikubali, na nitasema kwa nini.

Mie nina vyumba vinne huku Jambiani. Tarehe 4 Oktoba 2021, siku Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika dunia nzima kwa karibu saa sita, nilikuwa na familia iko njiani kutoka bandarini na dereva hajui nyumba ilipo. Mawasiliano yetu yote yalikuwa WhatsApp, hata namba yao ya kawaida sikuwa nayo. Walifika saa tatu usiku, watoto wanalia. Siku ile ndipo nilipoona kwamba nyumba ni yangu, lakini mlango nimeuweka kwenye ukuta wa mtu mwingine.

Jambo la pili ni kamisheni. Mimi niko pia kwenye jukwaa kubwa la kuweka nafasi za hoteli, nalo hunikata asilimia 15 ya kila usiku. Chumba cha 60,000 wanachukua 9,000. Mgeni akilala siku tatu ni 27,000, na hiyo ni godoro ndani ya mwaka. Sijatoka huko, maana wageni wapya wananionea huko. Lakini nimegundua wengi wakishaniona kule huandika jina la nyumba yangu kwenye Google wajue kama nipo kweli. Wakikuta tovuti yangu yenye bei na namba ya simu, huniandikia moja kwa moja. Kwa hiyo sitegemei tovuti imtoe mtu asiyenijua huko aliko. Kazi yake kwangu ni kumthibitishia aliyekwisha kusikia habari zangu.

Fundi wa Mji Kasoro Bahari

Mama Milimani, natengeneza tovuti hapa Morogoro, huu ni mwaka wa tisa. Kabla sijashauri chochote naomba unijibu kwa ukweli. Je, jina la tovuti limeandikishwa kwa jina la nani? Fomu ikijazwa, ujumbe unakwenda barua pepe ipi? Picha zilizomo umezitoa wewe au amezitafuta yeye? Na ile laki mbili na nusu iliyobaki ulimlipa?

Siulizi kwa ubaya. Nimekaa upande wa pili wa hii meza mara nyingi. Mteja anasema "wewe tengeneza tu, utajua mwenyewe cha kuweka", picha hatumi, maneno hatumi, salio halipi, halafu tovuti ikiwa tupu lawama ni za fundi. Inawezekana kijana wako amekosea, na inawezekana pia amekwama.

Mama Milimani

Fundi, asante kwa kuuliza bila kunificha. Nitajibu kama nilivyo.

Jina limeandikishwa kwa nani sijui. Fomu inakwenda wapi sijui. Picha sikumpa. Aliniomba mara mbili, ilikuwa msimu wa wageni, nikamwambia aweke zozote nzuri kwanza nitamtumia zangu baadaye, na sikutuma. Salio sijamlipa, nilikuwa nasubiri nione mgeni wa kwanza. Sasa nikiandika hivi naona na mimi nina sehemu yangu.

Binti wa Hamburg

Shikamoo mama. Mimi ni mzaliwa wa Korogwe, naishi Ujerumani mwaka wa kumi na moja sasa, na wafanyakazi wenzangu huniuliza kila mara waende wapi wakimaliza Kilimanjaro au Zanzibar. Lushoto huwa naitaja ya kwanza. Nilikuomba kiungo faraghani, asante kwa kunitumia. Nimeifungua kwa simu nikiwa kwenye treni, nikasoma kama mgeni ambaye hajawahi kufika.

Ukurasa umechukua muda mrefu mpaka nikataka kufunga. Kilichotokea juu kabisa ni picha ya ufukwe na minazi. Mama, Lushoto ni kwenye milima ya Usambara, mita zaidi ya elfu moja kutoka usawa wa bahari! Mgeni atadhani ameingia kwenye tovuti ya watu wengine, au atadhani anadanganywa. Chini yake kuna mwanamke anayetabasamu mezani, wazi kwamba si huko. Nimetafuta bei, hakuna. Nimetafuta namna ya kufika kutoka Mombo, hakuna. Nimetafuta kama kuna maji ya moto, maana Julai huko ni baridi, hakuna. Kuna maneno "huduma bora kwa viwango vya kimataifa" mara tatu.

Mzungu anayepanga safari huwa anakaa jioni moja na mwenzake, wamefungua nyumba tano kwa pamoja. Hawaulizi ipi ina maneno mazuri. Wanaangalia ipi inaonyesha kitanda chenyewe, bafu lenyewe, bei yenyewe, na basi wanalipanda wapi. Ile isiyosema wanaifunga, na hawatakuandikia kukuuliza kwa sababu hao wengine wanne wamesema.

Mwisho, nimejaza fomu yako kukujaribu, jana saa mbili usiku kwa saa za huko. Umeipata?

Mama Milimani

Sijapata chochote mwanangu. Nimeangalia mpaka kwenye takataka za barua pepe yangu.

Fundi wa Mji Kasoro Bahari

Basi hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya rangi na picha. Mwandikie kijana, kwa maandishi na kwa heshima, mambo mawili. Kwanza, ujumbe wa fomu unaingia sanduku gani, na akupe nywila ya hilo sanduku. Pili, unataka kulipa salio lako lote, na siku hiyohiyo akukabidhi jina la tovuti. Vyote viwili kwenye ujumbe mmoja. Mtu akiona deni lake linalipwa hulegea.

Sasa nieleze hili la jina, maana hapa ndipo watu wengi wa biashara ndogo hupoteza mali bila kujua. Tovuti ina vitu viwili tofauti: jina lake, na mahali mafaili yake yanapokaa. Mafaili yakipotea yanaundwa upya. Jina likipotea limepotea, pamoja na kila kadi uliyochapisha na kila kitabu cha wageni kilicholitaja. Mwenye jina ni yule aliyeandikwa kwa kampuni iliyolisajili, hata kama pesa ulitoa wewe. Liangalie kwenye huduma ya whois, ni bure. Siku hizi majina ya wamiliki wa .com mara nyingi hufichwa, lakini utaona kampuni iliyosajili na tarehe ya kuisha.

Lako ni la .com na lina mwaka, kwa hiyo linahamishika. Zuio la siku 60 baada ya kusajili limekwisha pita. Wewe fungua akaunti kwa msajili unayemtaka, kwa barua pepe yako mwenyewe. Kijana afungue kufuli la jina na akutumie msimbo wa uhamisho. Ukihamisha .com kwa kawaida unalipia mwaka mmoja na huo mwaka unaongezwa mbele, yaani ile bili ya mwaka wa pili unaweza kuilipa hukohuko unakohamia. Fanya kabla halijaisha muda.

Akikataa kabisa, usigombane naye. Chukua jina jipya. Chini ya .tz kuna .co.tz kwa biashara, na kuna hata .hotel.tz ambayo watu wengi hawaijui. Husajiliwa kupitia mawakala walioidhinishwa hapahapa nchini, unalipa kwa shilingi na kwa simu.

Mzinga wa Kitui

Nawasalimu kutoka Kenya. Ninauza asali, na nathibitisha alichosema fundi. Langu lilikuwa .co.ke, nililipia mwenyewe, lakini barua za kukumbusha malipo zilikuwa zinaenda kwa barua pepe ya kijana aliyenitengenezea, naye alikuwa ashaacha kuitumia. Muda ukaisha, siku zikapita, nikashtuka mteja akiniambia tovuti yangu haifunguki. Kufika kwa msajili, jina limeshachukuliwa na mtu mwingine. Nilikuwa nimebandika lebo chupa mia nne zenye jina hilo. Nilikaa jioni tatu nikizibandua kwa maji ya moto.

Tovuti yangu ya sasa ni ukurasa mmoja tu: asali ni ya wapi, bei kwa kilo, natuma vipi, till ya M-Pesa, na kitufe cha WhatsApp. Inatosha.

Mwongozaji wa Arusha

Mimi ni mwongoza watalii, huku kaskazini. Mama, kuna kitu hakuna aliyekitaja na ni cha bure: kuwekwa kwenye ramani ya Google kama biashara. Mgeni akiwa Mombo ameshuka kwenye basi, hafungui tovuti, anafungua ramani na kuandika "lodge Lushoto". Usipokuwepo pale, kwake haupo duniani.

Fungua wasifu wa biashara kwa akaunti yako mwenyewe, si ya mtoto wala ya fundi. Google mara nyingi huomba video kuthibitisha: utembee na simu kuanzia barabarani, ionekane njia na majirani, bango la jina, halafu wewe ukifungua mlango kwa ufunguo au ukikaa mapokezi, bila kukatisha. Fanya mchana kweupe. Ukithibitishwa weka picha, saa, namba ya simu na kiungo cha tovuti.

Na wageni wakiondoka wameridhika, waombe waandike maoni palepale wakiwa na chai mkononi, maana wakifika Tanga wamesahau. Wewe jibu kila moja, hasa la aliyelalamika. Mimi nikipeleka mgeni mahali nisipopajua, husoma kwanza majibu ya mwenye nyumba kwa waliolalamika.

Ila usiishie hapo tu. Nilikuwa na kijitovuti cha bure nilichokitengeneza ndani ya huduma hiyohiyo ya Google, kizuri tu. Machi 2024 wakavifunga vyote, na changu kikaenda. Ya bure mshukuru mwenye nayo, lakini na chako uwe nacho.

Mpanda Mlima

Nimesoma yote. Sikufikiria kwamba fomu inaweza kuwa haifiki kwake. Naufuta ushauri wangu wa kuachana nayo, angalau mpaka mama ajue kilichomo kwenye hilo sanduku.

Mama Milimani

Wakuu, nimekaa kimya siku nne, nilikuwa nalifuatilia. Nina habari na imeniumiza.

Nilimwandikia kijana kama fundi alivyosema. Alipiga simu ndani ya saa moja. Alikuwa anadhani nimemdharau, kwa sababu mara ya mwisho alipoomba picha na salio sikumjibu. Tumeombana radhi. Jina liko kwenye akaunti yake pamoja na majina ya wateja wengine kumi na kitu, amekubali kulihamisha. Salio nimemlipa nusu, nusu mwisho wa mwezi.

Sasa fomu. Alipotengeneza tovuti alitengeneza na barua pepe ya "info" yenye jina la nyumba yetu, ujumbe wote ukawa unaingia huko. Alinitumia nywila yake siku ileile, katikati ya ujumbe mrefu wa WhatsApp ambao sikuusoma mpaka mwisho. Jana usiku nimelifungua hilo sanduku na mwanangu. Kulikuwa na barua zaidi ya mia, nyingi ni takataka za matangazo. Tulipochambua tumepata kumi na moja za watu wa kweli. Kumi na moja! Mmoja ni mama wa Dar aliyetaka vyumba vyote sita kwa Pasaka kwa ajili ya ukoo wao. Wengine ni mume na mke na mtoto wao, walitaka siku nne mwezi wa saba, wameandika mara mbili, ya pili wanasema "tunaona labda mmefunga, tunawatakia heri". Hiyo ndiyo imenikalia moyoni.

Na mimi nilikuwa nasema tovuti haijaleta mtu. Walikuja, wakabisha hodi, hakuna aliyeitika.

Mwani wa Jambiani

Pole sana mama. Wajibu wote kumi na mmoja, hata kama ni miezi imepita. Mweleze kila mmoja ukweli kwa mistari mitatu: barua haikutufikia, tunaomba radhi, tupo, karibu wakati mwingine. Mie niliwahi kufanya hivyo na mmoja alikuja mwaka wa pili yake.

Fundi wa Mji Kasoro Bahari

Afadhali tumejua. Kwanza, mwambie kijana aelekeze barua za "info" ziingie kwenye simu yako moja kwa moja, na mwanao ajaze fomu ya majaribio kila Jumatatu asubuhi. Dakika moja tu. Pili, weka kitufe cha WhatsApp kila ukurasa. Kiungo chake ni wa.me, mkwaju, halafu 255 na namba yako bila ile sifuri ya mwanzo wala alama ya kujumlisha. Watu wetu wengi hawatajaza fomu, watabofya hapo.

Kuhusu kujenga upya, sioni haja ya kubomoa. Nimeichungulia, imejengwa kwa WordPress, msingi ni mzima. Kinachokosekana ni nyumba yako kuonekana ndani yake. Na hapo fundi hawezi kukusaidia, kazi ni yako.

Chukua daftari la shule. Kwa wiki mbili andika kila swali unaloulizwa, kwenye simu, WhatsApp, Instagram, hata na mgeni aliyekwisha fika anapouliza kitu mlangoni. Liandike kama lilivyoulizwa, usilipambe. Mwisho wa wiki mbili hesabu lipi limejirudia mara nyingi. Hilo linakaa juu kabisa ya tovuti, la pili linafuata. Maneno ya tovuti yako tayari yako kwenye midomo ya wateja, wewe unayaokota tu. Miaka tisa sijaona njia nyingine inayoishinda hii.

Picha sasa. Simu yako inatosha. Piga asubuhi pazia limefunguliwa, kitanda kimetandikwa kama unavyomtandikia mgeni, simama kwenye pembe ya chumba. Piga bafu pia, na bomba linalotoa maji ya moto. Piga barabara inayoingia kwako, na ukungu wa asubuhi kama upo. Usiondoe kasoro kwa programu, mgeni akikuta tofauti ndiyo maoni mabaya ya kwanza. Lakini kabla ya kupandisha, zipunguze. Picha ya simu inaweza kuwa na megabaiti nne, ukiweka kumi umemla mgeni bando na subira. Zipunguzwe zifike upana wa pikseli 1200 hivi na uzito usiozidi kilobaiti 200, kwa macho ya kawaida huoni tofauti. Ule uzito alioulalamikia dada wa Hamburg ni picha ya ufukwe peke yake, nimeipima, ina megabaiti tano na ushee. Google wana kipimo cha bure kiitwacho PageSpeed Insights, weka anwani yako na usome alama ya upande wa simu, ya kompyuta isikushughulishe sana.

Kumbukeni Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikawa ya kuvizia. Wateja wangu wenye kurasa nyepesi waliendelea kupata simu.

Mhasibu wa Mtaa

Naongeza mawili ya sheria kwa haraka, maana huwa yanasahaulika.

Bei ziandike kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kuna kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinazokataza kutangaza bei za bidhaa na huduma hapa nchini kwa dola au euro. Tovuti ni tangazo kama bango. Mgeni wa nje atajipigia hesabu mwenyewe kwa simu yake.

Na fomu inayochukua majina, namba za simu au pasipoti inakuingiza kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Wanaokusanya taarifa za watu wanatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa hiyo usiombe usichokihitaji. Jina, tarehe, idadi ya watu, namba ya simu, basi. Pasipoti atakuonyesha akifika. Na kamwe usipokee namba za kadi ya benki kwa barua pepe wala WhatsApp, hata mgeni akikuletea mwenyewe.

Mama Milimani

Wiki tatu zimepita, narudi kama nilivyoahidi baadhi yenu faraghani.

Daftari limejaa kurasa nne. Sikutegemea. Nilidhani watu wanauliza bei kwanza, kumbe swali la kwanza, mara kumi na tisa, ni "nafikaje kutoka Mombo?" La pili maji ya moto. La tatu bei. Halafu yakafuata niliyokuwa siyajali: gari ndogo inapanda mpaka kwenu mvua ikinyesha? Umeme ukikatika? Asiyekula nyama atakula nini? Mtoto wa miaka minne analipiwa? Kuna mahali pa kuswalia? Kutoka kwenu kwenda Irente kwa miguu ni saa ngapi?

Tumeandika majibu mimi na mwanangu, Kiswahili kwanza, kisha mwalimu jirani yetu akatusaidia Kiingereza. La gari tumesema ukweli, kwamba mita mia mbili za mwisho ni udongo na mvua za masika gari ndogo huachwa kwa jirani, tunakuja kubeba mizigo. Mwanangu aliogopa kuliweka. Nimelazimisha liwekwe, bora ajue akiwa kwao.

Picha ya ufukwe imetoka. Juu sasa ni dirisha la chumba namba mbili asubuhi. Kijana amezipunguza picha zote na ukurasa unafunguka haraka hata hapa kwetu bondeni. Bei ziko kwa shilingi. Jina limehamia kwenye akaunti yangu, nywila nimeziandika kwenye daftari lililo kabatini pamoja na hati ya shamba. Ramani ya Google ilikataa video ya kwanza kwa sababu bango halikuonekana, ya pili wakaikubali. Na kila anayeingia tunamuuliza "umetupataje?" na kuandika.

Kati ya wale kumi na mmoja, watano wamejibu. Mama wa Pasaka amesema ukoo wake tayari walikwenda kwingine, lakini ameomba bei za Desemba. Na juzi ameandika mgeni mpya kabisa kupitia WhatsApp ya tovuti, mtu na mkewe kutoka Tanga, usiku mbili chumba namba mbili. Nilimuuliza kilichomfanya aandike. Amesema ni picha ya bafu, mke wake ana baridi yabisi na aliona bomba la maji ya moto.

Paa la namba tano limeezekwa Jumamosi.

Binti wa Hamburg

Mama, nimefungua tena kwenye treni ileile. Imefunguka kabla sijakaa vizuri. Kuna kitu kimoja: kwenye maelezo ya Mombo umesema "shuka njia panda". Mgeni hatajua njia panda ni ipi. Andika kuna nini pale, ng'ambo ya barabara kuna nini, gari za Lushoto zinasimama upande gani, na la mwisho linaondoka saa ngapi.

Mama Milimani

Kweli kabisa, mimi napajua nikadhani kila mtu anapajua. Kesho mwanangu anashuka Mombo kuchukua unga, nitamwambia apige picha ya pale zinaposimama na awaulize makondakta la mwisho ni saa ngapi. Nikishaandika nitakutumia faraghani. Unaweza kunitafsiria aya hiyo moja kwa Kijerumani?

Binti wa Hamburg

Nitumie hata usiku, nitakuwa macho.